Deni la Matibabu katika Siasa za Kenya

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni, na usemi huo hutajwa sana katika mikutano ya siasa, aghalabu na watu wale wale wanaotoa ahadi. Lakini deni, kwa sheria na kwa desturi, lina sehemu zake. Lina mdai na mdaiwa, lina kiasi kinachojulikana, na mara nyingi lina shahidi au hati. Likikosa mojawapo ya mambo haya, mdaiwa hupata mwanya wa kulikana au wa kulichelewesha mpaka lisahauliwe. Historia ya matibabu ya umma katika Kenya ina deni la namna hiyo. Matibabu yaliahidiwa mara nyingi na watu wa vyama mbalimbali, na kila mara ahadi ilinena kwa sauti kubwa zaidi katika majira ambayo viongozi walikuwa wakitafuta kuungana ili washike serikali. Makala haya yanachunguza hasa ahadi moja, ile ya bima ya afya kwa watu wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2004 ikafia mezani pa Rais. Lakini ahadi hiyo haikuzaliwa mwaka ule, na haieleweki bila ya kutazamwa mizizi yake.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, chama cha KANU kilikuwa kimekwisha kuwaahidi wananchi kwamba serikali yao itawapa matibabu bila ya malipo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo, ulitaja kuokoka na maradhi kuwa mojawapo ya shabaha za taifa jipya. Mwaka huo huo ada waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa ikaondolewa. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likaunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali. Mfuko huu ulianza kwa wenye mishahara ya shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, na watu wa namna hiyo walikuwa wachache siku zile. Mlango wa wengine wasio na mishahara kuingia kwa hiari ulifunguliwa mwaka 1972. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na njia mbili za kufika kwa tabibu. Njia moja ilikuwa ya watu wote, ikigharimiwa na kodi. Nyingine ilikuwa ya wenye kazi za mishahara, ikigharimiwa na michango yao. Njia ya kwanza ilikuwa pana lakini yenye mashimo. Ile ya pili ilikuwa nyembamba, nayo ilikuwa laini.

Ahadi ya mwaka 1963 ilitimizwa kwa sehemu yake iliyowezekana kwa tamko. Ada iliweza kuondolewa kwa amri ya siku moja, ilhali madaktari, wauguzi na dawa havipatikani kwa amri. Katika sehemu nyingi za nchi wananchi wenyewe walijenga zahanati kwa Harambee, kisha wakaingoja serikali ilete mganga na dawa. Wakati huo huo uwanja wa siasa ulikuwa ukizidi kuwa mdogo. KADU ilijivunja mwezi wa Novemba 1964 ikaingia KANU. Oginga Odinga alijitenga mwaka 1966 akaanzisha KPU, na chama hicho kikapigwa marufuku mwaka 1969. Tangu hapo ahadi ya matibabu haikuwa na mpinzani wa kuikumbusha Bungeni kwa niaba ya chama kingine. Deni lilibaki, lakini mdai alinyamazishwa.

Miaka ya 1980 ilileta dhiki ya fedha. Serikali iliingia katika mashauriano na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja katika masharti ya zama hizo lilikuwa kwamba mtumiaji wa huduma achangie gharama yake. Tarehe 1 Desemba 1989 ada zikaanza kutozwa tena katika hospitali na vituo vya afya vya serikali, kwa jina la kugawana gharama. Matokeo yake hayakuchelewa kuonekana. Katika kliniki moja ya umma mjini Nairobi iliyotibu maradhi ya zinaa, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba katika miezi ya ada mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi kiasi cha asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Jambo hili lilikuwa zito kupita hesabu yake, kwa kuwa miaka ile ndiyo iliyokuwa ya kuenea kwa UKIMWI, na mtu mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuupata na kuueneza. Ada ya kujiandikisha ilisimamishwa mwezi wa Septemba 1990, kisha malipo yakarudishwa hatua kwa hatua kwa sura nyingine.

Hapana budi kukumbuka nani alikuwa Waziri wa Afya mwaka 1989. Alikuwa Mwai Kibaki, aliyeondolewa katika umakamu wa Rais mwaka 1988 na kupewa wizara hiyo, akaishika mpaka alipojiuzulu mwezi wa Desemba 1991 na kuanzisha chama chake cha Democratic. Si haki kumtwika mtu mmoja siasa ya fedha iliyoamuliwa na serikali nzima chini ya Rais Daniel arap Moi, pamoja na wakopeshaji wake. Lakini mwanafunzi wa historia ana haki ya kulitia jambo hili katika kumbukumbu, kwa sababu Kibaki atatokea tena katika kisa hiki akiwa na kalamu nyingine mkononi.

Vyama vingi viliporudishwa, wapinzani wa KANU walishindwa mara mbili, mwaka 1992 na mwaka 1997, kwa kuwa waligawana kura zao. Katika uchaguzi wa 1997 wanawake wawili, Charity Ngilu na Wangari Maathai, walikuwa miongoni mwa waliogombea urais. Somo la mgawanyiko huo lilifahamika ilipofika mwaka 2002. Kibaki, Ngilu na Michael Kijana Wamalwa waliunganisha vyama vyao wakafanya upande ulioitwa NAK. Katika KANU nako, Moi alipomteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, viongozi kadhaa akiwamo Raila Odinga walitoka wakajikusanya katika LDP. Mwezi wa Oktoba pande hizi mbili ziliungana zikawa NARC, na Raila akatangaza hadharani katika Uhuru Park kwamba Kibaki anatosha.

Nyuma ya furaha ile kulikuwa na karatasi. Tarehe 22 Oktoba 2002 viongozi wa pande mbili walitia sahihi mapatano. Yaliyojulikana baadaye ni kwamba vyeo vya uwaziri vingegawanywa nusu kwa nusu, na kwamba katiba mpya ingeleta cheo cha Waziri Mkuu ambacho upande wa LDP ulikitarajia kwa Raila. Mapatano hayo yalikuwa baina ya viongozi, wala hayakupelekwa mbele ya wapiga kura. Wapiga kura walipewa ahadi za namna nyingine: elimu ya msingi bila ya ada, matibabu yaliyo karibu na mfuko wa maskini, kazi, na mwisho wa rushwa. Kwa hiyo NARC iliingia katika uchaguzi wa 27 Desemba 2002 ikiwa na madeni ya aina mbili. Moja lilikuwa na hati, na wadai wake walikuwa watu wenye nguvu. Lingine lilitolewa kwa mdomo viwanjani, na wadai wake walikuwa mamilioni wasio na karatasi yoyote. Kibaki alishinda kwa kiasi cha asilimia 62 ya kura.

Mwezi wa Januari 2003 ada za shule za msingi ziliondolewa, na watoto wakafurika madarasani. Tendo hilo liliwapa watu imani kwamba serikali hii hutenda isemalo. Charity Ngilu, aliyepewa Wizara ya Afya, alijitwalia kazi iliyo ngumu kuliko hiyo. Aliazimia kuugeuza ule Mfuko wa mwaka 1966 uwe bima ya taifa inayomkusanya kila mkaaji wa nchi, kwa matibabu ya kulazwa na yasiyo ya kulazwa. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa Ujerumani waliisaidia wizara katika hesabu na mpango. Waraka wa Bunge Nambari 2 wa mwaka 2004 ulieleza shauri hilo, kisha ukafuata mswada. Kiini chake kilikuwa rahisi kueleweka. Mwenye mshahara akatwe kwa kadiri ya mshahara wake na mwajiri aongeze sehemu yake. Mwenye kazi yake mwenyewe alipe kiasi kilichowekwa. Na asiyejiweza alipiwe na serikali. Mgonjwa afikapo mlangoni asiulizwe fedha, kwa sababu fedha imekwisha kulipwa kabla ya ugonjwa.

Wapinzani wa mswada walikuwa wengi na wenye sauti. Waajiri waliona mzigo mpya juu ya mishahara. Makampuni ya bima na ya matibabu ya watu binafsi yaliona biashara yao ikitishwa. Wizara ya Fedha iliogopa deni lisilo na mpaka, na baadhi ya wafadhili wa nje walikuwa na shaka hiyo hiyo. Wafanyakazi wengi nao waliuliza kwa nini wao, walio wachache, wakatwe kwa ajili ya walio wengi. Haifai kuyadharau maswali haya. Katika nchi ambayo watu wengi huishi kwa kilimo na biashara ndogo, kukusanya michango kutoka kwa wasio na mshahara ni kazi ngumu kwelikweli. Tena Mfuko wa zamani haukuwa na sifa njema ya uangalizi wa fedha, na mtu aliyekwisha kuona mchango wake ukitumiwa ovyo ana sababu ya kusita kuongeza mwingine.

Maswali hayo yalistahili majibu, na mahali pake pa kujibiwa palikuwa katika Baraza la Mawaziri, kabla mswada haujafika Bungeni. Hapo ndipo historia ya bima inapokutana na historia ya mapatano. Baraza lililotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2003 halikuwaridhisha watu wa LDP, waliodai kwamba nusu yao haikutimia, ilhali watu wa upande wa NAK walijibu kwamba mapatano yale hayakuwa na nguvu ya sheria. Mkutano wa katiba wa Bomas ulipofika kileleni mwezi wa Machi 2004, upande wa serikali ulitoka nje. Mwishoni mwa Juni 2004 Rais aliwaingiza serikalini watu wa KANU na FORD-People, vyama vilivyoshindwa katika uchaguzi, na nguvu ya LDP ikapungua zaidi. Mawaziri waliketi meza moja, lakini kila upande ulimtazama mwenzake kama mgeni aliyekuja kupeleleza nyumba.

Katika baraza la namna hiyo swali la nani alipe halikuweza kupata jibu la pamoja. Waziri wa Afya alivuta huku na Wizara ya Fedha ikavuta kule, kila mmoja akisema na umma kwa njia yake. Mswada ulifika Bungeni, na mwezi wa Desemba 2004 Bunge likaupitisha. Rais akakataa kuutia sahihi akaurudisha, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa uzito wa gharama kwa uchumi wa nchi. Haukupata kuwa sheria. Msomaji na alifikiri tukio hilo kwa makini. Ulikuwa mswada wa serikali, uliandaliwa na waziri wa serikali, ukapitishwa na Bunge ambamo muungano wa serikali ulikuwa na viti vingi, kisha ukakataliwa na mkuu wa serikali hiyo hiyo. Serikali yenye umoja huweza kuacha shauri kwa kuona kwamba ni ghali, lakini huliacha chumbani. Ikiliacha baada ya kura ya Bunge, imeonyesha kwamba haikuwa serikali moja.

Ni kweli kwamba kitu kimoja kilisalia. Tangu tarehe 1 Julai 2004 malipo katika zahanati yaliwekwa kuwa shilingi 10 na katika vituo vya afya shilingi 20, na watoto wadogo pamoja na baadhi ya maradhi wakasamehewa. Yaliwasaidia watu wengi. Lakini wachunguzi waliofuatilia miaka ile walikuta vituo vingi vikitoza zaidi ya kiwango, na sababu yake si uchoyo peke yake. Ada ndizo zilizokuwa zikiwalipa wafagiaji na walinzi na kununua mafuta na vifaa vidogo, na zilipopunguzwa hakuna kilichowekwa mahali pake kwa wakati. Amri ya mwaka 2004 ilifanana na ile ya 1965: iliondoa bei bila ya kuonyesha chanzo kingine cha fedha. Na mwezi wa Aprili 2001, mjini Abuja, nchi za Afrika zilikuwa zimeahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Katika miaka ya serikali ya NARC fungu la afya la Kenya halikufikia kiwango hicho.

Hatima ya madeni yale mawili inastahili kulinganishwa. Wadai wa mapatano ya Oktoba 2002 walipoona wamenyimwa, walikuwa na njia ya kulipiza. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 waliipinga katiba iliyoletwa na serikali, wakashinda, na Rais akalivunja baraza lake lote. Walijenga chama kipya cha ODM, wakagombea mwaka 2007, na baada ya matokeo kubishaniwa na nchi kuingia katika mauaji yaliyopoteza maisha ya watu zaidi ya 1,100, walipata kwa mapatano ya 28 Februari 2008 kile cheo cha Waziri Mkuu walichokidai tangu mwanzo. Ngilu mwenyewe aliachishwa uwaziri mwezi wa Oktoba 2007, baada ya kujitokeza upande wa Raila. Wadai wa bima ya afya hawakuwa na chama cha kuhamia. Mama mwenye mtoto mwenye homa hawezi kujiuzulu katika ugonjwa wa mwanawe ili kuitikisa serikali.

Mwaka 2008 ulitoa mfano ulio wazi kuliko yote. Serikali ya muungano ilihitaji viti vya kutosha pande zote mbili, na Wizara ya Afya ikapasuliwa vipande viwili. Huduma za Matibabu zilikwenda kwa Anyang' Nyong'o wa ODM, na Afya ya Umma na Usafi zikaenda kwa Beth Mugo wa upande wa Rais. Kutibu kukawa na waziri wake na kukinga kukawa na waziri mwingine, ingawa mgonjwa wa malaria anayelazwa hospitalini na mbu aliyemwuma wametoka katika kijiji kimoja. Wizara hizo ziliunganishwa tena mwaka 2013.

Hata hivyo miaka ile ile ya muungano wa kulazimishwa ilizaa hati iliyokosekana tangu mwanzo. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Maandishi hayakuleta dawa, lakini yalimbadilisha mdai. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua shauri la wanawake waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa gharama, ikasema kwamba kuwazuilia ni kuvunja haki zao. Kwa mara hii maskini mdai alisimama mahakamani akiwa na karatasi mkononi, na karatasi hiyo haikuwa mali ya chama wala ya muungano wowote.

Hati peke yake, lakini, haikuvikomesha vituko vya zamani. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Jubilee iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma na zile shilingi 10 na 20 za zahanati na vituo vya afya. Tamko likatangulia tena, na fedha zikafuata kwa kuchechemea. Mwezi huo huo wa Juni mkataba ulitiwa sahihi na chama cha madaktari, na kwa kutotekelezwa kwake madaktari waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017, na baadhi ya viongozi wao wakatiwa gerezani. Mwezi wa Desemba 2018 matibabu kwa wote yalianza kujaribiwa katika kaunti 4, nazo ni Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Mwezi wa Oktoba 2023 sheria mpya ya bima ya afya ya jamii ilitiwa sahihi, na tangu 1 Oktoba 2024 mamlaka mpya ikachukua nafasi ya ule Mfuko wa mwaka 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kwa asiye na mshahara swali ni lile lile lililoulizwa mwaka 2004: mchango wake utakusanywa vipi, na asiyeweza atalipiwa na nani.

Yaliyoelezwa hapa hayathibitishi kwamba miungano ya siasa ni mibaya. Bila ya muungano wa 2002 chama kilichotawala miaka 39 kisingeondoka kwa amani, wala watoto wasingefurika shuleni Januari iliyofuata. Yanathibitisha jambo dogo kuliko hilo, nalo ni la manufaa kwa mwenye kusoma siasa. Viongozi wanapoungana huandika kwa uangalifu sehemu zao wenyewe: nani apate kiti gani, na kwa muda gani. Sehemu ya mwananchi huachwa katika hotuba. Muungano ukivunjika, sehemu zilizoandikwa hugombaniwa mpaka zilipwe, na ile ya hotuba hukosa wa kuigombania. Kwa hiyo atakayepima ahadi ya matibabu, ya jana au ya kesho, asianze kwa kuuliza kama aliyeitoa ana moyo mwema. Aulize kwanza fedha itatoka wapi, mahali gani imeandikwa, na ni nani atakayeweza kuidai siku ambayo waliotia sahihi hawatasalimiana tena.